Fundi Sebastiao, Bi Mwasiti na Bomu la Saa Mbili na Robo

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni viti. Kama redio iliyo mbele yako iliwahi kukata sauti ikapona, na wewe ni mtu wa Chuno au Likombe, basi huenda mikono iliyoiponya ni ya mtu tunayemkumbuka asubuhi hii. Ni Sebastiao, fundi redio. Fundi Sebastiao wa Chuno. Alifariki mwezi wa sita mwaka huu wa 2025, akiwa na miaka sitini na saba.

Leo ni tarehe sita Agosti. Siku hii imechaguliwa kwa makusudi. Mtaelewa.

Sebastiao alizaliwa ng'ambo ya Ruvuma, upande wa Msumbiji. Mwaka 1965 mama yake alimvusha mto akiwa mtoto wa miaka saba, yeye na kaka yake Helder. Walikuwa wanakimbia vita. Helder alipokua, akarudi ng'ambo kupigana. Vita ile ilikwisha mwezi wa tisa mwaka 1974. Helder aliuawa mwezi wa saba. Miezi miwili, wasikilizaji. Ishikeni hiyo miezi miwili.

Ufundi aliuanza nyumbani, kwa redio ya mama yake. "Aliifungua nzima, akaifunga mbovu," anasema binti yake Carlota, na hapo anacheka. "Bibi akamwambia, hutakula mpaka iseme. Alikula kesho yake saa kumi jioni."

Baadaye akapata meza yake pale Chuno. Chini ya bati hilohilo, hatua tatu tu kutoka mezani, palikuwa na jiko la Bi Mwasiti wa Mikindani, mkaanga vitumbua. Sebastiao Mmakonde, Bi Mwasiti Mmakua. Walikuwa watani. Na watani wa kwelikweli hawasalimiani, wanachokozana.

"Umeamka, mla samaki nchanga?" Samaki nchanga, kwa wageni mnaotusikiliza, ni panya wa shambani.

"Nimeamka, mama mafuta ya juzi. Hivyo ni vitumbua au sabuni?"

Ndivyo ilivyokuwa kila asubuhi. Mpaka siku ya tarehe sita Agosti, mwaka 1995.

Siku hiyo fundi alikuwa na redio ya mteja iliyomsumbua wiki nzima. Akagusisha waya wa mwisho. Redio ikakohoa, ikasema. Na maneno yake ya kwanza yalikuwa haya: leo inatimia miaka hamsini tangu bomu la atomiki liangushwe kwenye mji wa Hiroshima, nchini Japani. Liliangushwa saa mbili na robo asubuhi. Wapo wanaosema lilimaliza vita upesi na kuokoa watu wengi. Wapo wanaosema halikuwa haki.

Sebastiao akaweka bisibisi chini. "Walifanya vema. Vita ni kidonda kibovu. Kata, kiishe."

Bi Mwasiti akainua kijiko chake, mafuta yanadondoka. "Saa ngapi wamesema?"

"Saa mbili na robo."

"Asubuhi? Hiyo si saa yangu hii? Mtani, saa mbili na robo mimi nina watoto wa shule hapa mbele, nina mjamzito anataka cha motomoto, nina wewe unayekula bure. Sisi tulimpiga nani?"

"Japani hawana vitumbua."

"Wana chao! Na mkaangaji wanaye!"

Fundi akakuna shingo kwa bisibisi. Kisha akanyoosha mkono: "Nipe kingine, nifikirie."

Basi, wasikilizaji, alifikiria kwa Agosti thelathini.

Kila mwaka, siku mbili kabla ya Nane Nane, mjadala ulirudi. Vijana wa bodaboda walizima pikipiki wakagawana pande. Mwalimu mmoja alikuja na daftari. Fundi alikuwa na hoja zake. Vita ingeendelea mwaka mzima zaidi. Askari wangapi wangekufa? Raia wangapi? Kisha angesema ya kaka yake: "Miezi miwili, mtani. Vita yetu ingekatwa miezi miwili mapema, Helder angekuwa mzee mwenye kitambi leo."

Bi Mwasiti alikuwa hamwachi amalize. "Ulishasema hiyo mwaka jana! Jibu saa mbili na robo!" Na fundi alinyoosha mkono: "Nipe kingine, nifikirie." Watu wakacheka, wakaenda kazini.

Kitu kimoja tu Bi Mwasiti alikitaka. Hakutaka zawadi. Alitaka neno moja litoke kinywani mwa Sebastiao: Umeshinda. Fundi hakulitoa. Wakawekeana ahadi mbele ya watu kwamba atakayetangulia, mwenzake aseme neno la mwisho kaburini.

Fundi akatangulia.

Siku ya maziko, kule Likombe, Bi Mwasiti alifika mapema. Majirani wakamnong'oneza, "Leo unashinda, mama. Hakuna wa kukujibu." Yeye alikuwa ameomba koti la kazi la marehemu, lile lenye mifuko ya bisibisi, na miwani yake iliyofungwa kwa waya wa redio. Mnajua mila yetu. Mtani ana ruhusa msibani. Anaweza kuvaa nguo za marehemu, akatembea kama yeye, akasema kama yeye, wafiwa wakapata kupumua.

Jeneza likafika. Bi Mwasiti akasimama mbele yake, kavaa koti, akikuna shingo kwa bisibisi.

"Mama, tumechelewa," akasema Katekista Mikaeli.

"Fundi hajawahi kuwahi. Subiri." Akamgeukia Carlota. "Wewe leo ndiye Mwasiti. Jifunge kanga, unibishie."

Carlota akafuta macho, akajifunga kanga, akashika kiuno. Alikuwa Mwasiti mtupu! Makaburi yote yakacheka.

Bi Mwasiti akaanza kwa sauti ya fundi, hoja moja baada ya nyingine, hakusahau hata moja. Akafika kwa Helder. "Miezi miwili, mtani," akasema. Akangoja akatizwe. Carlota hakumkatiza. Hakuna aliyemkatiza. Akabaki na maneno yale mdomoni.

"Yalikuwa mazito, mwanangu," Bi Mwasiti ameiambia redio yetu. "Miaka thelathini nilidhani ananieleza habari za Wajapani."

Ndipo Carlota akauliza swali lenyewe, taratibu. "Na saa mbili na robo je, mtani? Yule mkaangaji na watoto mbele yake?"

Neno la mwisho lilikuwa la Bi Mwasiti, na koti la fundi lilikuwa mgongoni kwake. Angeweza kulisema kwa sauti yake fundi. Umeshinda. Kijana mmoja wa bodaboda akapaza sauti, "Sema, Fundi! Kubali leo!"

Bi Mwasiti akapandisha miwani. Akanyoosha mkono.

"Nipe kingine, nifikirie."

Makaburini hakuna vitumbua. Carlota akainama, akachota udongo, akauweka kwenye kile kiganja. Bi Mwasiti akautazama.

"Hiki hakina nazi," akasema.

Wa kwanza kucheka alikuwa Katekista Mikaeli. Bi Mwasiti akapisha njia, jeneza likashushwa, na udongo ule ndio uliotangulia kumwagwa juu yake.

Wasikilizaji wapendwa, tunampa pole Carlota, na wadogo zake, na ukoo wote wa pande mbili za Ruvuma. Pole kwako pia, Bi Mwasiti. Mungu ampumzishe Fundi Sebastiao mahali pema.

Tutafakari pamoja. Yupo mtu unayebishana naye kila siku. Je, umewahi kumwacha amalize?

Sasa ni saa mbili na dakika kumi. Pale Chuno jiko limewaka na kiti cha fundi kipo wazi. Bi Mwasiti anasema hatakikalia yeye, maana ana kazi ya kubishana nacho. Anayeweza kusimama upande wa fundi aende akakae. Anywe chai kwanza. Swali linaulizwa saa mbili na robo.