Daftari la Tisa la Protus Murunga Wekulo

Wachungaji, wazee wa ukoo, majirani wa Kabiro na wa Kambi Muru, na wageni wetu kutoka ofisini, mimi ni Valerie Nelima, kifungua mimba wa marehemu, na haya ninayoyasoma nimeyalinganisha na vyeti vyake kimoja kimoja, kwa sababu wiki hii tumesikia mengi juu yake ambayo hayana tarehe.

Baba yetu, Protus Murunga Wekulo, alizaliwa tarehe 14 Machi 1968 karibu na Kimilili, akasoma huko hadi kidato cha nne mwaka 1985, na Januari 1987 akaja Nairobi kwa mjomba wake aliyekuwa na chumba Gatwekera, akawa anafanya vibarua mchana na kusomea ufundi wa umeme jioni, mpaka akapata cheti chake tarehe 30 Novemba 1991.

Aliajiriwa tarehe 2 Mei 1994 katika ofisi inayosimamia laini kubwa za umeme, na mwaka 2019 akawa fundi mkuu wa kumbukumbu za hitilafu. Alifunga ndoa na mama yetu, Redempta, tarehe 12 Desemba 1998, wakapanga Kambi Muru, kisha mwaka 2004 wakahamia hapa Kabiro, wakajaliwa watoto watatu, mimi, Marvin na Hope.

Kambi Muru hawakumwamini. Mtu wa stima anayekaa kati ya watu wa stima ya sambaza, ile ya kuunganishiwa kwa siri bila mita, lazima awe jasusi, na kila alipoonekana mlangoni akiitazama balbu iliyozimika, halafu saa yake, halafu daftari, watu waliingia ndani kuficha nyaya. Mama Aluoch, muuza samaki, ambaye yuko nasi leo, alimsalimia vivyo hivyo kila asubuhi, "Niaje, informer, leo unatukata ama unatuonea huruma?" naye Baba alimjibu, "Wewe niambie tu ilipotea saa ngapi." Hakuwahi kumripoti mtu, alikuwa akiandika saa tu.

Mazoea hayo ndiyo aliyoyapeleka kazini. Aprili 2024 aliingizwa katika kikosi cha kutathmini mahitaji ya gridi ya magharibi, yaani kama laini moja kubwa inayolisha eneo lote inatosha, au ijengwe ya pili ili moja ikianguka nyingine ibebe mzigo. Kikosi kilitakiwa kutumia kumbukumbu za ofisi peke yake, lakini Baba alizishuku, akawatafuta watu watano katika miji mitano, akiwemo dada yake Nelima mwenye kinu cha posho Kimilili, akamwagiza kila mmoja aandike katika daftari lake mwenyewe saa stima inapopotea na saa inaporudi, kisha amsomee kwa simu kila Jumapili. Alihesabu tu hitilafu zilizowapata wote watano kwa wakati mmoja, kwa sababu ikizimika kwa mmoja huenda ni nguzo ya mtaani, ikizimika kwa wote ni laini kubwa.

Kuanzia Julai hadi Desemba 2024 ofisi iliandika hitilafu nne, Baba akaandika kumi na tisa. Zile kumi na tano zilikuwa zimeitwa matengenezo yaliyopangwa, mojawapo ya saa tatu asubuhi tarehe 25 Desemba, naye akauliza mkutanoni ni fundi gani huyo aliyepangiwa Krismasi. Ripoti ilipoletwa tarehe 18 Machi 2025 ikisema laini moja inatosha, alikataa kutia saini, na tarehe 1 Aprili akahamishiwa bohari ya vifaa. Ripoti hiyo iko mezani hadi leo, na maoni ya wananchi yanafungwa tarehe 30 mwezi huu.

Alianza kuumwa kifua Alhamisi tarehe 6 Novemba 2025. Mwenzake wa kazini, Tonny Mbithi, alimtembelea hospitalini mara tatu, na mara zote tatu alituuliza kama madaftari yako nyumbani. Baba alifariki Jumanne tarehe 13 Januari 2026, saa tano na dakika ishirini asubuhi, akiwa na miaka hamsini na saba. Wanaonong'ona kuhusu chai ya ofisini tunawaomba waache, uchunguzi wa mwili umeonyesha ni moyo, na ni sisi tulioomba ufanywe mara ya pili, majibu yakawa yale yale.

Kamati ya mazishi iliniomba niruke sehemu hii inayofuata. Tarehe 15 walikuja watu wawili na shada la maua, wakasema wanataka mali ya ofisi, Mama akawauliza, "Mtu hata hajazikwa, nyinyi mnataka vitabu?" wakaondoka. Madaftari yalikuwa kumi na mawili kwenye sanduku la bati. Tarehe 17 mimi na Marvin tulihesabu kumi na moja. Lililokosekana ni la tisa, Julai hadi Desemba 2024. Nyumba ilikuwa imejaa waombolezaji siku nne, nikawashuku wote, hata waliotuletea uji, na ninawaomba radhi, isipokuwa mmoja, ambaye simjui.

Jumatatu Senge Nelima, yule shangazi yetu wa kinu, alifika kutoka Kimilili na daftari lake mwenyewe limefungwa kwa leso. Alisema, "Protus alinikataza kulitupa, hata nikikosa karatasi ya kuwashia moto." Wale wengine wanne nao walikuwa wameyatunza ya kwao, wakayatuma, na kufikia juzi nilikuwa nimeandika upya kukatika kote kumi na tisa, na saa zao hazikupishana kwa zaidi ya dakika nne. Nakala ziko mahali patatu ambapo sitapataja, na Jumatatu ijayo, tarehe 26, moja itapelekwa kama maoni yetu, na mhuri wa kupokelewa tutaudai. Aliye na daftari la tisa akae nalo.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia siku sitini na nane, majirani waliopika na kukesha nasi, na wenzake wa kazini, pamoja na Tonny Mbithi, ambaye jana alikuja akasoma hesabu zote, akatia saini kama shahidi. Hatujui kilichomchelewesha, lakini saini ipo.

Baba, kilichobaki kuandikwa tutakiandika sisi. Wewe pumzika kwa amani.