Magoti ya Bibi na Mguu Wangu wa Uongo

Bwana asifiwe! Na wewe uliyeona kichwa cha ushuhuda huu hapo juu ukaanza kucheka kabla hujasoma, kwako pia asifiwe.

Nianze na ujinga wangu. Ndugu zangu, mimi nilitoa ushuhuda wa uongo kwa malipo ya raba. Raba za mtumba, nyeupe, soli nene! Wiki nzima nilichechemea hapa Kilosa, nyumbani na shuleni, nikisema nimeumia goti mpirani. Jumamosi bwana mmoja akanisimamisha juu ya meza sokoni, akanipaka mafuta, nikaruka chini nikacheza mpaka vumbi likatimka. Vigelegele! Naomba msamaha kwa wote mliopiga. Yule mama wa sokoni aliyenizawadia mkungu wa ndizi naye anisamehe, maana ndizi hazirudi.

Bwana yule alishuka na treni. Mnajua tangu biashara zifunguliwe treni inatushushia kila kitu: redio, mitumba, sabuni za majina yasiyotamkika, na watu wenye mikoba. Huyu alijiita Dokta. Alisema ndani ya goti kuna gegedu, kitu kigumu chenye utelezi kinachozuia mifupa isisagane, na uzeeni gegedu linalika kama kandambili. Mpaka hapo alisema kweli, ndugu zangu! Ndipo penye ujanja. Uongo wake ulipanda juu ya ukweli kama kupe juu ya ng'ombe. Akaendelea: mafuta ni ya vijana, wazee wanahitaji sindano ya kuotesha gegedu upya. Sindano yenyewe iko Mikumi, kwenye chumba chake cha gesti.

Mimi nilidhani ni maigizo tu. Sikujua kwamba pale sokoni, nyuma ya wauza dagaa, Bibi yangu alikuwa amesimama na mkongojo wake, analia kwa furaha.

Bibi anamzaa mama yangu, tunaishi naye. Magoti yake yalikuwa yamekufa. Pasaka alipiga magoti kupokea ushirika, kusimama akashindwa, wazee wawili wa kanisa wakamnyanyua kama gunia la mpunga. Tangu siku ile akawa anapokea amesimama, ameinamisha uso. Alitaka kitu kimoja tu duniani: apige magoti mbele ya Bwana wake na ainuke mwenyewe. Na sasa alikuwa amemwona mjukuu wake akipona kwa macho yake. Akaandikisha jina. Sindano mbili, kila goti moja, Jumamosi inayofuata.

Jumatano nikatoroka shule, nikafuatana na Dokta hadi Mikumi nikachechemee tena kwa ajili ya abiria wa mabasi. Nilipoingia chumbani kwake kuchukua mkongojo wangu wa kazi, nikamkuta ameinama juu ya beseni, anakwangua chupa kwa wembe. Lebo zilikuwa zinaelea majini. Kila lebo ina picha ya ng'ombe. Kwenye sufuria pembeni, sindano moja. Moja, ndugu zangu, na majina kwenye daftari yalijaza kurasa mbili, la Bibi likiwemo! Nikauliza, "Dokta, dawa hii si ya mifugo?" Akacheka. "Goti ni goti, dogo. Nenda kachechemee."

Sikwenda kuchechemea. Nilipanda pikapu ya mkaa, nikarudi Kilosa mweusi kama chungu.

Nikamwangukia Bibi. "Shikamoo Bibi. Usiende Mikumi. Mimi sikuwahi kuumwa."

"Marahaba, mume wangu. Umepewa nini ili unizuie?"

Mnaona adhabu ya mcheshi? Nilipodanganya niliaminiwa, niliposema kweli nikashukiwa! Niliapa, akasema walioapa ni wengi. Nilimweleza picha za ng'ombe, akacheka, akasema hiyo ni nzuri kuliko kile kichekesho changu cha fisi aliyekwenda ubatizo. Ijumaa alikuwa ameshapiga pasi kitenge cha safari. Nikalia kwelikweli, naye akanisifu jinsi ninavyojua kulia.

Ndipo mama akaingia na ndoo kichwani. Mama hakuwahi kufika sokoni siku ile. Alisikiliza mlangoni, akatua ndoo.

"Mama," akamwambia Bibi, "Jumatatu ya wiki iliyopita huyu alichechemea mguu wa kulia. Alhamisi ukawa wa kushoto. Nilinyamaza, nikajua anakwepa kuchota maji."

Bibi akaweka kitenge chini. Haleluya! Niliokolewa na mguu niliousahau.

Jumamosi mama alikwenda Mikumi na bwana afya. Chumba kitupu, beseni limebaki. Jumatatu tukampeleka Bibi hospitali. Dada wa mazoezi ya viungo akambonyeza magoti, akasema, "Bibi, habari za kuotesha gegedu wataalamu bado wanazitafuta. Zikifika, hazitafikia gesti. Wewe anza na paja, ndilo linalobeba goti." Akampa kazi: kukaa kitini na kusimama bila kushika kitu, mara kumi, asubuhi na jioni. Na kunyoosha mguu wenye soksi iliyojazwa mchanga.

Bibi alikasirika. "Nimekuja hospitali kufundishwa kukaa?"

Hukumu yangu ikawa kuhesabu. Raba zangu mama alizichukua, akamvisha Bibi ili asiteleze. Bibi ni mwizi wa hesabu, nawaambia! "Tatu, nne, saba..." Na mama kutoka jikoni: "Mama, tano na sita ziko wapi?" Siku nyingine alilia kwa maumivu, tukapunguza zikawa tano, tukapanda tena. Vuli ilinyesha ikaisha, sisi tunakaa na kusimama.

Jumapili ya wiki mbili zilizopita Bibi alikwenda mbele kanisani. Akapiga magoti. Wazee wawili wakasogea, akawatazama wakarudi. Akapokea. Kisha, polepole, bila kushika kitu, kitenge na raba nyeupe vikainuka! Gegedu halikuota, na siku za mvua bado anaguna. Lakini aliinuka mwenyewe, na nilimsikia akihesabu, "Kumi."

Ndugu zangu, mwaminini Mungu, naye hahitaji mkoba. Ila mtu akikushuhudia muujiza wa goti, muulize maswali mawili matatu. Hata akiwa mjukuu wako.

Haya yote niliyasema kanisani Jumapili iliyopita. Watu walicheka, wakafuta machozi, wakapiga makofi. Mama hakupiga. Alisimama kwenye benchi la tatu, mikono kiunoni, akasema:

"Tumekusikia. Sasa tembea mpaka mlangoni na kurudi, tuone leo utachechemea mguu upi."