Maji ya Bombomu

Pale Kihesa, pembeni ya gereji, kuna benchi la mbao ambalo asubuhi nzima halipoi. Mwenyewe ni mzee Edmund, anayeitwa Bombomu kwa sababu kila kikombe cha pili lazima aitaje bombomu, ile rashasha ya Wajerumani. Siku hiyo alivaa shati la kanisani. Alikuwa anamsubiri Faustina, mwenyekiti wa jumuiya, anayepita kukusanya majina ya marehemu wa kuombewa kwenye misa ya Novemba. Baba yake Edmund, kabla hajakata roho, alimwomba jambo moja tu: babu aliyefia porini akiwabebea Wajerumani mizigo naye aombewe. Mwaka huu Edmund aliapa litafanyika.

— Mzee Bombomu, hebu rudia, — alisema Gwakisa, fundi gereji, jina la kijiweni Spana. — Bunduki ilikuwa inakunywa maji kama Fuso?

— Inakunywa! Mtutu umevishwa bomba nene, ndani maji. Risasi ikitoka inarudisha kishindo nyuma, na kishindo hicho hicho kinaingiza risasi nyingine. Wewe umebonyeza tu, mkanda unajivuta. Bila maji, mtutu unaiva mwekundu.

— Basi ile ni injini. Mzungu aliiba ramani ya lori akachomeka risasi.

— Lori lenyewe lilikuwa halijazaliwa! — alidakia Isihaka, muuza kahawa. — Ile ilienda kwa mvuke, kama treni. Marehemu babu yangu alisema inapiga honi kwanza ndo inaua.

— Honi? We Isihaka, kahawa yako ina nini leo?

— Muulize mwenyewe mzee.

— Mi nasikia maji yakiisha askari wanaikojolea, — alisema Spana. — Ndo maana Mjerumani aliwanywesha pombe, tangi lisikauke!

Wakacheka mpaka vikombe vikamwagika. Edmund hakucheka.

— Walikojolea kweli, — alisema. — Pale Lugalo wazee wetu waliwahi, wakawarukia Wajerumani bombomu ikiwa bado mizigoni. Kalenga, kwenye ngome yetu, hawakuwahi, ikawamaliza. Ikaja vita ya Majimaji, bombomu ikafyeka watu. Ikaja vita ya dunia, babu yangu akakamatwa shambani kwake abebe maji.

— Ya askari?

— Ya bunduki, Spana. Huyu kabeba mtutu, huyu miguu yake, huyu mikanda. Babu debe la maji kichwani, kuelekea Mahenge, na haruhusiwi kugusa. Ukinywa, kiboko. Akaanguka kwa kiu. Debe akatwishwa mwingine, safari ikaendelea.

Isihaka aliinamisha kichwa. Spana alijifanya anatafuta kitu mfukoni.

Faustina akatokea, kanga begani.

— Tumsifu Yesu Kristo.

— Milele amina. Kamwene, mama. Mimi naanza na babu yangu mzaa baba.

— Vizuri, mzee. Alikuwa anaitwa nani?

Edmund alinyoosha kola ya shati lake.

— Nyumbani sisi tulisema Mbeba Maji.

— Hiyo kazi waliyompa, mzee wangu. Jina alilopewa na mama yake.

Edmund alimtazama Spana, Spana akamtazama Isihaka. Bibi yake Edmund ndiye aliyemlea baba peke yake tangu akiwa mchanga mgongoni, na bibi alikuwa mke wa Kihehe wa enzi zile: kwao jina la mume halitamkwi, hata mume akifa. Alisema tu "baba yako". Baba alizeeka hajui, akafa hajui. Edmund alipokuwa mdogo aliuliza bunduki ilipigaje, na wakubwa walimweleza kwa furaha. Machozi yakamtoka mbele za watu.

— Nisubiri kidogo, mama, — alisema. — Kidogo tu, nikumbuke.

Faustina alikaa kando yake akamsubiri. Lakini Edmund hakuwa na cha kukumbuka, kwa maana hakuna aliyewahi kumwambia.