Kiberiti Alipoanguka Uwanjani

Benchi la Bi Kahawa, muuza kahawa, limeegemea ukuta wa shule ya sekondari, upande wa uwanja, kiasi kwamba mpira ukipigwa vibaya huangukia vikombeni. Wenye benchi wanajulikana: Injinia, ambaye ni fundi baiskeli, Wakili, ambaye huwachapia watu barua za maombi, na Afande, ambaye hajawahi kuwa askari hata siku moja, ni mlinzi tu wa shule hiyo, mwaka wa tisa sasa. Mchana ule ilikuwa wiki ya pili tangu azikwe binti wa mshona nguo, mwanafunzi wa kidato cha tatu, mchezaji wa mpira wa pete. Kwa udogo wake na moto wake, wenzake walimwita Kiberiti. Alianguka mazoezini saa nane mchana, jua likiwaka. Afande alikuwepo.

— Mimi nawaambia ni ule mnara wa simu, Injinia alianza. Unavuta damu. Ukikimbia chini yake, damu yote inapanda kichwani.

— Acha kutupiga kamba, kaka, alisema Wakili. Mnara upo miaka sita. Tatizo ni zile jezi mpya. Plastiki tupu! Ngozi inakosa hewa, moyo unazima.

— Mbona jezi walivaa kumi na wawili, akafa mmoja?

— Yake ilikuwa namba saba. Chunguza vizuri mambo ya namba saba.

— Hapo sawa, Injinia alisogea karibu. Na unajua ule uwanja chini yake kuna nini? Waliochimba msingi wa choo walikutana na mifupa.

— Ya ng'ombe, alisema Bi Kahawa bila kugeuka.

— Nani aliipima, Bi Kahawa? Nani?

Afande alikitazama kikombe chake. Machoni pake hakukuwa na mnara wala mifupa. Alimwona mtoto akiyumba kwenye mzunguko wa kumi na mbili, wenzake wakicheka wakidhani anaigiza, mwalimu wa michezo akimpigia kelele: usinitegee, kimbia!

— Maji hayakuwepo, alisema.

Wote wakamgeukia. Ilikuwa mara yake ya kwanza kulitamka jambo lile.

— Maji gani, Afande?

— Ya kunywa. Ndoo ilikuwa kavu tangu asubuhi. Alipoanguka tukamzunguka kama watu wanaotazama mazingaombwe. Huyu anasema mnyanyueni, yule anasema mlazeni. Mmoja akamtia kijiko mdomoni, akidhani ni kifafa. Mwili unawaka, hata kumsogeza kivulini hakuna aliyekumbuka. Mimi nikakimbilia kisanduku cha huduma ya kwanza. Mnajua kilikuwa na nini? Chaki, na bendeji moja iliyokwisha kutumika.

— Na gari la wagonjwa je? Tulilisikia hapa.

— Lilifika. Dakika kumi tu, limefika. Likasimama nje ya geti kubwa dakika ishirini na tano.

— Kisa?

— Kufuli. Ufunguo anao makamu wa mkuu wa shule, na makamu alikuwa mkutanoni.

— Si ungelivunja!

— Nililivunja, Wakili. Kwa jiwe, mapigo mawili tu. Lakini kwanza nilipiga simu kuomba ruhusa. Simu tatu. Naomba ruhusa ya kuvunja kufuli, na mtoto anakoroma kwenye nyasi.

Bi Kahawa aliweka birika chini. Injinia alikohoa, akajaribu kuwaokoa wote:

— Basi hilo kufuli si la bure. Nani alilinunua? Lilitoka wapi? Lazima kuna mkono wa mtu. Shule jirani wanautaka ubingwa toka zamani...

— Nyamaza, alisema Bi Kahawa.

Ndipo mshona nguo alipotokea kwenye kona, futi ya kupimia bado inaning'inia shingoni. Hakuwa mtu wa benchi lile. Kwapani alikuwa na mfuko wenye daftari na viatu vya mwanawe. Alikuwa ametoka kuvichukua bwenini.

— Pole sana, mama, walisema kwa pamoja.

— Nimeshapoa.

Bi Kahawa alimmiminia. Mama hakukipokea kikombe.

— Mdogo wake naye yumo kwenye timu, alisema. Nimemkataza, amelia mpaka sauti imekauka. Anataka kucheza nafasi ya dada yake. Sasa hivi wanaingia uwanjani. Nawauliza ninyi mnaokaa hapa kila siku: huyu naye akianguka, mtafanya nini?

Hakupandisha sauti. Aliuliza kama anayeuliza njia.

Injinia, mwenye jibu la kila kitu, alifuta mdomo kwa kiganja. Afande aligeukia geti. Tangu msiba, shule ilikuwa imefanya jambo moja: imenunua kufuli jipya, zito, la chuma ambacho jiwe halikiwezi. Ufunguo ni mmoja, na hakupewa yeye.



Mama alisubiri, kwa adabu, kama mteja anayeamini kwamba kitu chake kinatafutwa ndani. Kisha akauhamishia mfuko kwapa la pili na kuondoka.

Ng'ambo ya ukuta wasichana walianza kukimbia, wakihesabu mizunguko kwa sauti.