Jina la Silvano Zanchetta Juu ya Jalada

Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka mtu aliyetuchekesha sana. Silvano Zanchetta, Mwitaliano, mchoraji wa hadithi za katuni, amefariki Jumanne hii ya Machi 1998. Alikuwa na miaka sabini na tisa.

Huko Milano alichora kwa miaka thelathini na moja. Miaka thelathini na moja, wapendwa! Kila wiki shujaa wake alipanda farasi, na kila wiki watoto waligombania gazeti. Lakini wenye gazeti hawakuandika majina ya wachoraji. Hata mara moja.

Mwaka 1991 alimfuata binti yake, Ornella, huku Minnesota, Marekani. Alipovunjika nyonga, aliyekuja kumhudumia nyumbani kwake mjini Crystal alikuwa Rahab, Mkenya mwenzetu. Siku moja Mzee alimwonyesha magazeti yake ya zamani. Rahab akafunua, akafunua.

"Mzee, mbona sioni jina lako?"

"Halikuwekwa," akajibu, akageukia dirishani.

Jambo hilo halikumtoka Rahab moyoni.

Wakati huo wazazi wetu wakija kututembelea, presha inawapanda, na vile vikaratasi vya kliniki vya Kiingereza hawavisomi. Rahab akamwomba Mzee achore kijitabu kuhusu presha, cha kugawa kanisani. Weee! Akamchora Rahab mwenyewe juu ya farasi, kipimo cha presha mkononi, anakikimbiza kichupa cha chumvi mpaka mji wa jirani, New Hope! Maneno ya Kiswahili akayaandika Rahab.

Mwaka 1996 zikachapishwa nakala mia tatu. Rahab akampelekea ya kwanza. Juu ya jalada, kwa herufi kubwa: "Kimechorwa na Silvano Zanketa."

Mzee alilisoma jalada. Kisha akasema, "Wamekosea jina langu."

Rahab akashika kichwa. "Woi! Tutazirudia zote!"

"Msiguse hata moja! Nimelingoja maisha yangu yote. Liacheni hivyo hivyo."

Wakacheka mpaka machozi yakawatoka.

"Baba alimpa daktari nakala, akampa na mtu wa posta," anasimulia Ornella. "Hawakujua neno la Kiswahili. Yeye aliwaonyesha jalada tu."

Mzee akachora vijitabu vingine vitatu, vyote na Zanketa juu.

Ornella, pole sana. Rahab, pole dada yetu. Mungu awafariji.

Nawe unayenisikiliza, kuna mtu anakufanyia kazi nzuri kila siku, na hujui anaitwa nani. Kesho ukimwona, muulize.