Mzee Komba na Nafasi za Wakazi

Tarehe 30 Septemba 2025, baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, Mzee Gaudensi Komba atatukabidhi muhuri wa ofisi ya udahili ya Kitivo cha Ualimu. Aliingia mwaka 1994 akiwa tarishi, akapanda kuwa karani, na tangu 2012 ndiye msimamizi wa nafasi arobaini ambazo chuo huwatengea wakazi wa Ruvuma.

Nafasi hizo zina sababu. Walimu wa kutoka mbali wakipangiwa vijiji vya ndani kama Nalasi, wengine hawamalizi hata muhula. Lakini penye urembo ndipo penye urimbo: kila mwaka wanatokea watu na barua za mtendaji wa kijiji, wino haujakauka, wakiapa kwamba wamekulia Nakapanya. Mzee Komba hakubishana nao. Aliwauliza tu, kwa upole, habari za korosho. Mmoja alimweleza kuwa kwao huzing'oa mwezi wa tatu. Mzee alimshukuru, akamrudishia barua yake.

Mwaka 2015 ikaja barua kutoka Maposeni, kijijini kwake mwenyewe. Mwombaji alikuwa binti yake, Ludovika, aliyeishi Dar es Salaam kwa shangazi yake tangu darasa la pili. Mtendaji aliyeigonga muhuri ni shemeji yake Mzee. Ofisi nzima tulijitia hatuioni. Mzee aliisoma, akalikata jina kwa wino mwekundu, na nafasi ikaenda kwa aliyefuata kwenye orodha, Mwanne Chande wa Nalasi.

Nyumbani, mkewe, Mama Monika, alimwandalia ugali bila mboga wiki mbili. Ludovika alinuna miaka kumi. Hakuja hapa Songea hata Krismasi. Kazini Mzee aliendelea kututania, lakini aliumia, tena sana.

Mwanne alihitimu, akarudi kufundisha sekondari kwao, na yuko huko mpaka leo. Mwaka huu wanafunzi wake watatu wa kwanza wameomba ualimu hapa. Fomu zao ndizo za mwisho Mzee kuzigonga muhuri. Tulimwandikia Ludovika habari hiyo, tukamwalika.

Mzee Komba, asante kwa kutufundisha kazi na haki. Tunakuombea afya, mvua nzuri Maposeni, na ugali wenye mboga kila siku. Kiti cha mbele, hapo kando yako, ni cha Ludovika, aliyeshuka stendi jana. Hatukumdai barua ya mtendaji.