Anko Teoh na Miguu ya Nyuma

Kijiwe chenyewe ni benchi moja refu na meza ya marumaru iliyopasuka kona, nje ya duka la kahawa la Bibi Siew mjini Muar, Malaysia, mkabala na hoteli ambayo makampuni hufanyia mikutano yao. Kila asubuhi hapo utawakuta wazee watatu na kahawa yao nzito ya maziwa ya kopo na sahani ya mishikaki, maana Muar mishikaki ni ya asubuhi, na anayeisubiri jioni huyo ni mgeni. Wa kwanza ni Wak Sarip, dereva mstaafu wa ofisi ya wilaya, aliyewabeba wakubwa kiti cha nyuma miaka ishirini na kwa hiyo siasa zote anazijua, wanamwita Waziri. Wa pili ni Rajendran, karani mstaafu wa posta, Benki Kuu kwa jina la kijiweni, kwa sababu simu yake inaonyesha bei za hisa na haimtoki mkononi hata akienda msalani. Wa tatu ni Teoh Boon Hock, fundi wa viti. Yeye wanamwita Bokisi, na jina hilo hajalipenda hata siku moja.

Jina lilitoka hivi. Wote watatu wana hisa mia mia za Meranti Lapan, kiwanda cha viti cha hapo hapo mjini, ambacho Teoh alikifanyia kazi hadi alipostaafu. Mia ndiyo idadi ndogo kabisa unayoweza kununua, nayo inakupa haki ya kuingia mkutano wa mwaka, na mkutano wa mwaka una bokisi la wali wa nazi, karipap mbili, vile visambusa vya viazi, na chupa ya maji. Tusidanganyane, wanahisa wengi wa umri wao huenda kwa ajili ya bokisi; wakishalipokea huaga kabla hata kura hazijapigwa. Mwaka jana lakini Teoh alikwenda na neno moyoni. Alitaka kuuliza kwa nini karakana ya viti inapunguzwa watu. Akapewa kipaza sauti, ukumbi mzima ukamgeukia, swali likamponyoka, akajisikia anauliza kwa nini safari hii karipap ni moja. Watu walicheka hadi mkurugenzi akafuta machozi. Teoh alitembea kwa miguu hadi nyumbani siku hiyo, na basi lilikuwepo.

Leo ni mkutano tena, saa nne. Teoh amevaa shati lake la Mwaka Mpya. Taarifa ya kampuni ilikuwa imemfikia kwa posta, na kwenye ukurasa wa kumi na nne bodi inaomba idhini ya kufunga karakana ili kiwanja kijengwe kituo cha data. Karakana ya viti, wameandika, ni "shughuli ambayo haina tena uzito wa kutajwa." Kufungwa alikuwa anakutegemea. Familia moja ina zaidi ya nusu ya hisa, sasa hisa zake mia zitamzuia nani? Kilichomkosesha usingizi ni huo uzito wa kutajwa. Miaka thelathini na miwili ya mikono yake, halafu mtu mwenye tai anakaa na kuandika maneno kama hayo. Alitaka asimame, ajibu, na jibu lake liingie kwenye kumbukumbu za mkutano. Hilo tu. Na alikuwa anaogopa vibaya sana.

Wenzake walikuwa wameahidi kumsaidia kutunga maneno, na msaada wenyewe ndio huu.

— Anza na siasa, alisema Waziri. Bila siasa hawakusikilizi.

— Mimi nataka kusema habari za viti, Wak.

— Ngoja nikufundishe. Wanasiasa wetu wale wanaorukaruka vyama tunawaita nini? Vyura. Bunge likatunga sheria kuwazuia kuruka. Sasa chura ukimzuia kuruka anafanya nini?

— Anatulia, alisema Teoh.

— Anatafuta maji. Na vituo vya data vinakunywa nini? Maji. Unganisha mwenyewe.

Teoh alijaribu kuunganisha, akashindwa. Waziri akamhurumia, akaendelea kumfafanulia kwamba mto Muar ukishaanza kunyweshwa mashine utapungua kina, ukipungua kina vyura watahamia makao makuu ya wilaya, na uchaguzi mdogo utafanyika kabla ya msimu wa matunda ya durian. Akamalizia kwa methali, kama kawaida yake, na kama kawaida yake haikuwa na kazi pale: kikulacho ki nguoni mwako, ndiyo maana mtu mwenye akili huwekeza kwenye chakula na nguo.

Benki Kuu hakuinua macho kutoka kwenye simu. Alisema huyo dereva awaachie uchumi wenye uchumi. Meranti Lapan, alisema, ni kampuni inayojua kusoma nyakati. Mwaka wa korona ilitangaza itatengeneza glavu, hisa ikapaa. Glavu zikajaa ghalani, ikatangaza paneli za jua, ikapaa tena kidogo. Sasa inatangaza kituo cha data.

— Na wewe uliuza lini? Ilipopaa?

— Mimi siuzi, Wak. Mimi ni mwekezaji wa muda mrefu.

— Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wewe una mwaka wa tisa.

— Jembe la nini? Nina hisa mia. Na tusisahau ringgit, sarafu yetu. Nchi ndogo hii, watu wa kila dini na kila mchuzi, imepigwa na anguko la sarafu mwaka wa tisini na saba, imepigwa na korona, imepigwa na ushuru wa Wamarekani, na bado asubuhi nakunywa kahawa na kula mishikaki na bili hainitoi jasho. Nenda nchi nyingine ukanionyeshe.

Hapo hata Waziri alikubali, na wote watatu wakaketi wima kidogo. Hapo ndipo wanapopatana siku zote. Watavilaani vyama vyote, watamsema kila waziri na shemeji yake, lakini mgeni asithubutu kuitia doa Malaysia mbele yao. Na Muar ndiyo zaidi.

— Dunia haiwezi kukaa chini bila Muar, alisema Benki Kuu. Nakwambia Teoh, sema hivyo kwenye kipaza sauti. Wale Wamarekani siku wanatia saini ule ushuru, walikuwa wamekaa juu ya nini? Juu ya mikono yako.

— Na waliposimama kupeana mikono, alidakia Waziri, walisimama taratibu, maana hakuna mtu anayependa kutoka kwenye kiti cha Muar. Hiyo ndiyo diplomasia yetu. Vita ngapi hazikupigwa kwa sababu wakubwa walikuwa wamekaa vizuri?

— Andika hilo, Teoh. Vita ngapi.

Teoh aliandika. Yalikuwa ni maneno ya kijiweni, na alijua, lakini yalimpendeza kifuani. Karatasi yake ilikuwa imejaa sasa: viti vyetu ni bora kuliko vyote duniani, ulimwengu mzima unavikalia, aibu kwa asemaye havina uzito. Aliisoma kwa sauti ya chini, na kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo hakukwama.

Meza zote za Bibi Siew zilikuwa zimejaa wanahisa wanaosubiri saa nne, kwa hiyo mwanamke mmoja wa makamo, amevaa baju kurung ya buluu, vazi refu la kina mama wa huko, na kubeba jalada, akaomba nafasi kwenye benchi lao. Jina lake Dayang Suriani, alisema, ametoka jimbo la Sarawak, ng'ambo ya bahari, na ndiyo mara yake ya kwanza Muar. Ameletwa kuandika kumbukumbu za mkutano.

Ilikuwa kama kumpa mwewe kifaranga. Waziri alimweleza vyura. Benki Kuu alimweleza ringgit. Kisha wote wawili wakamweleza Anko Teoh, fundi wa viti ambavyo dunia nzima inavikalia, na leo atawapa vidonge vyao. Dayang aliwasikiliza wote kwa adabu, akageuza kijiko kwenye kahawa yake.

— Hivyo viti, Anko, aliuliza, mtu akivikalia vikoje?

Benki Kuu alimtazama Waziri. Waziri alimtazama Teoh.

Maana ukweli ni huu, na kila mtu Muar anaujua ila hausemi. Vile viti havikuuzwa hapa. Viliondoka vipande vipande ndani ya maboksi bapa, mguu huku, egemeo kule, vikaungwa na mnunuzi mwenyewe sebuleni kwake, ng'ambo ya bahari. Cha mfano kilikuwa kimoja, ofisini, kimevikwa nailoni na hakikaliwi na mtu. Nyumbani kwa Waziri viti ni vya plastiki. Kwa Benki Kuu vilevile. Teoh mwenyewe alikuwa na stuli ya rangi nyekundu aliyoinunua sokoni.

— Sijui, mwanangu, alisema Teoh mwishowe. Sijawahi kukikalia hata kimoja.

Waziri alitafuta methali, akaikosa, jambo ambalo halijapata kutokea.

— Basi Anko ulikuwa unatengeneza nini?

— Miguu ya nyuma. Miaka thelathini na miwili, miguu ya nyuma tu. Ile ndiyo migumu, ina mpindo. Ya mbele imenyooka, anaweza yeyote. Na hakuna hata kiti kimoja kilichorudishwa kwa sababu ya mguu wa nyuma. Kimoja cha dawa hukuti.

Dayang aliweka kijiko chini. Alimwambia kwamba hilo la dunia nzima akilisema ataliandika, kwa kuwa ndiyo kazi yake, lakini kila mkutano anaoandika kuna mtu wa kuitaja dunia nzima. La miguu ya nyuma hajawahi kulisikia.

— Ila lisemwe ukumbini, Anko. Ya kijiweni siyaandiki.

Teoh aliikunja karatasi yake, akaiacha chini ya kikombe. Walipovuka barabara, wenzake walikwenda kupanga foleni ya mabokisi ya wali. Yeye alipitiliza, akakaa safu ya mbele.

Mkurugenzi alipofika kwenye ukurasa wa kumi na nne aliuliza kama kuna swali, akauona mkono wa Teoh, akatabasamu, na ukumbi ukaanza kucheka kabla hajasimama. Waziri na Benki Kuu peke yao hawakucheka. Teoh alishika kipaza sauti kwa mikono miwili.

— Teoh Boon Hock. Hisa mia moja. Sina swali. Mmeandika viti havina uzito wa kutajwa. Mimi nimetengeneza miguu ya nyuma miaka thelathini na miwili, na hakuna kiti hata kimoja kilichorudishwa kwa mguu wa nyuma. Naomba hilo litajwe.

Mkurugenzi alimshukuru mzee, akasema sasa tuendelee na kura. Lakini safu ya saba mwanamama mmoja mnene, bokisi lake mapajani, alisimama bila kipaza sauti.

— Letchumi. Vikalio, kupiga msasa. Miaka kumi na tisa.

— Miguu ya mbele, alisema mzee mmoja karibu na mlango, ambaye alikuwa ameshavaa kofia aondoke. Miaka kumi na sita. Na haijanyooka kiasi wanachodhani watu.

Wa vanishi akasimama. Wa skrubu wakasimama wawili, mtu na mkewe. Kila kona ya ukumbi waliinuka wazee wa hisa mia mia, kila mmoja na kipande chake, na Teoh akawa anageuka huku na huku akiwatazama, kwa sababu nusu yao walifanya kazi vitengo vingine na hakuwahi kuwajua. Fahari ilimjaa hadi macho yakalowa, wala hakuyafuta. Nyuma kabisa bibi mmoja mfupi alisema kitu cha egemeo, na miaka yake haikusikika vizuri. Mkurugenzi aligonga meza, akaomba utulivu, kura zipigwe.

Dayang aliinua mkono kutoka kwenye meza yake ndogo ya pembeni.

— Samahani, mheshimiwa, bado naandika. Mama wa egemeo, umesema miaka mingapi?

— Ishirini na minne, mwanangu. Andika na zamu za usiku.